Kisu Kilikuwa Wazi

Kisu changu nilikinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na nilikichagua vizuri. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu watu walionionea huruma baadaye walikuwa na desturi ya kuniuliza, "Lakini kisu cha nini, dada?" kana kwamba nilileta nyoka nyumbani. Kilikuwa kisu cha kazi. Nilikuwa bibi shamba.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu wa Ufipa walikuwa wameshahamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba ikitazamana na nyumba. Mimi ni mzaliwa wa Malangali, palepale Sumbawanga, ambako wazazi wangu walilima mahindi na ulezi nyuma ya nyumba kama majirani zao. Nilikuwa nimemaliza chuo cha kilimo na kupangiwa kijiji kimoja upande wa Mwazye. Jina lake sitalitaja, waliokuwepo wanakijua. Chuoni tulifundishwa kwamba mkulima haamini maneno, huamini anachokiona. Lazima umpasulie bua aone kilichomo, umkatie kiazi cha mbegu, umbebeshee mche juu ya shina la mwingine mbele ya macho yake. Visu vya chuo vilikuwa vizuri sana, na vilibaki chuoni.

Dukani nilikwenda na mchumba wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilekile nilichopangiwa, jambo ambalo mama yangu alilihesabu kuwa ni jibu la sala zake. Posa ilikuwa imeshapokelewa nyumbani, na wazee walikuwa wanazungumza habari za mahari. Alikuwa mtu mpole, msafi wa nguo na mdomo, mwenye tabia ya kujibu swali aliloulizwa bila kuongeza neno. Niliipenda tabia hiyo. Niliona ni uungwana.

Duka lenyewe lilikuwa la familia ya Kiislamu iliyokuwa pia na malori. Siku hizo rafu za maduka ya mjini zilikuwa zinaonyesha mbao zaidi ya bidhaa. Mzee mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, kofia imesogea nyuma ya kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sabuni hakuna, sukari hakuna. Sema lingine."

"Nataka kisu cha kukunja."

Alimgeukia mchumba wangu. "Cha mwalimu?"

"Chake," mchumba wangu alijibu, akatazama nje.

Mzee aliingia chumba cha nyuma, akakaa huko kitambo, akarudi na kitambaa cha flana kilichofungwa fundo. Alisema mzigo ule uliingia zamani kutoka upande wa Mbala, Zambia, wakati kuvuka mpaka na bidhaa hakujawa kosa. Alilifungua fundo, akaviweka visu viwili juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa chepesi, cha mpini wa plastiki nyekundu. Kingine kilikuwa kizito, mpini wake wa pembe ya mnyama, ya kahawia na yenye mikwaruzo ya asili, ncha zake zimevikwa shaba. Kwenye ubapa yaliandikwa maneno ya Kizungu ambayo hayakuwa Kiingereza.

Chekundu nilikifungua mara moja. Ubapa wake ukacheza kushoto na kulia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikakishika kile cha pembe. Hicho kilinishinda. Kulikuwa na kijishimo cha kuingizia ukucha. Nilijaribu, ukucha ukateleza. Nikajaribu tena, ukavunjika.

"Springi yake haijalegea," mzee alisema. "Kitakusumbua kwanza."

Alikifungua yeye. Ubapa ulitoka taratibu bila kuyumba, ukasimama kwa mlio mmoja mfupi. Akanyoa vinyweleo vya mkono wake, pakabaki pasafi kama pameoshwa. Kisha akakifunga na kunionyesha jinsi ncha inavyojificha yote ndani ya mpini. "Hapa ndipo pa kutazama," alisema. "Ncha ikichomoza hata kidogo, itatoboa mfuko, na baada ya mfuko ni paja."

Tulikitazama chekundu. Ncha yake ilichomoza.

"Hiki kidogo kinakutosha," mchumba wangu alisema hata hivyo. "Hicho kingine ni cha mwanamume."

"Mahindi yatajuaje?"

Mzee alicheka. Mchumba wangu hakucheka. Nililipa, mshahara ukabaki wa kununulia chumvi na mafuta ya taa. Tulipofika kwenye malori ya kwenda Matai, njia ya kijijini kwetu, akasema, "Ungenunua kitenge."

Kijijini nilipangiwa chumba kwa mama mmoja mjane. Watoto wake wote walikuwa wameolewa au wamekwenda kutafuta kazi Zambia, na alipohamishwa alikuja na kuku, rozari, na jiwe lake la kusagia ambalo alikataa kuliacha ingawa kijiji kipya kiliahidiwa mashine. Mashine haikuja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Nyumbani tulizungumza Kifipa, lugha ya mama yangu, na baada ya muda mfupi nilikuwa namwita Mama bila kufikiri.

Kisu kilinitesa kama mzee alivyosema. Asubuhi za baridi, upepo wa uwanda ukipiga, vidole vilikuwa vigumu kama vijiti, na nililazimika kukifungua kwa kukibana katikati ya magoti huku wakulima wananingoja. Wanaume walitazama pembeni kwa adabu. Wanawake walicheka waziwazi. Kukifunga kulikuwa kubaya zaidi. Siku moja nilikuwa nakifunga huku naongea, springi ikauvuta ubapa ghafla, ukanikata upande wa ndani wa kidole cha shahada. Niliporudi nyumbani damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Mama alinifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, akakichukua kisu, akakigeuza geuza.

"Kina hasira," alisema.

"Ni kipya, Mama."

"Hata mume mpya huwa hivyo," alisema, akakiweka juu ya rafu mbali na mimi mpaka kidonda kilipofunga.

Nguo za kike hazikuwa na mifuko. Nilishona mfuko kutoka kwenye gunia la unga wa ngano, nikautia ndani ya sketi upande wa kulia, na kisu kikawa kinanigonga pajani kila nilipopiga hatua, mpaka nikawa nisipokisikia nasimama na kujipapasa. Nilijifunza kukinoa kwenye jiwe la mtoni, kwa mviringo, bila kukandamiza. Nilijifunza kutia tone la mafuta ya karanga kwenye bawaba yake na kulifuta kabla halijakamata vumbi. Nilijifunza kukifunga kwa kiganja badala ya vidole. Springi nayo ililegea kidogo kidogo, au mkono wangu ndio uliokaza, sijui. Kufikia palizi nilikuwa nakifungua kwa mkono mmoja: kidole gumba kwenye kijishimo, kiuno kikisaidia kusukuma mpini. Halafu nikaacha hata kufikiri. Nilikuwa nikianza kuongea habari za shamba, kisu kiko wazi mkononi, na sikuwa na kumbukumbu ya kukitoa.

Nilikuwa naongea nacho. Nilionyesha mstari kwa kisu, nikaonyesha wingu kwa kisu. Hata jikoni Mama alikuwa akiniuliza chumvi iko wapi, namwonyesha kwa kisu, naye anacheka mpaka anashika ukuta. Wakulima walikwisha kuzoea. Mtu mmoja tu hakuzoea.

"Jana ulimwonyesha mzee wa watu kisu usoni," mchumba wangu aliniambia. Tulikuwa tunatoka kanisani.

"Nilimwonyesha mahindi yake."

"Kilikuwa wazi."

"Nikiwa kazini huwa wazi."

Kwa hiyo alijua. Nataka jambo hili lieleweke. Kati ya watu wote wa kijiji kile, yeye ndiye aliyekuwa ameitazama tabia yangu hiyo kwa makini, akaniambia kwa mdomo wake.

Sasa, kijiji kilikuwa na shamba la ujamaa, kubwa, la mahindi, kwenye bonde la chini ya shule. Watu walitaka kulima kama walivyolima siku zote, kwa kufunika majani ndani ya matuta ya mviringo wanayoyaita ntumba, yaoze na kuirutubisha ardhi. Wakaambiwa hayo ni ya kizamani, walime kwa mistari. Wakalima kwa mistari. Kisha mbegu zikakaa ofisini wakati mvua inanyesha, kwa sababu ilitakiwa mgeni aje kuzindua upandaji, na mgeni alichelewa. Mahindi yaliyochelewa hupata funza wa mabua. Hilo nilifundishwa chuoni, na Mama alilijua bila chuo.

Funza yule huanza kwa kutoboa majani machanga, unaona vitundu vimejipanga kama vya kitambaa cha kufuma. Akishaingia ndani ya bua humwoni tena. Mmea unasimama kijani, mrefu, wa kupendeza kwa mtu anayepita kwenye gari, na ndani umeshaliwa. Nilipasua bua moja pembeni ya shamba, nikapasua la katikati, nikapasua la upande wa mtoni. Yote yalikuwa na funza.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo. Hakuwa mtu mbaya wa kumwogopa barabarani. Nilimwambia tunahitaji dawa ya unga kutoka wilayani, upesi, na mabua yaliyooza yang'olewe yachomwe.

"Bibi shamba," alisema, "acha uchuro. Mahindi haya yameshaahidiwa wilayani."

"Yameahidiwa, lakini yanaliwa."

"Yanaonekana mazuri."

Nilirudi tena wiki iliyofuata na bua mkononi. Alimtazama funza akijikunja, akasema atapeleka habari. Hakupeleka. Nilipotaka kwenda mwenyewe wilayani niliambiwa watumishi hawaondoki kituoni, kuna ugeni.

Ugeni ulikuja mchana wa jua, Landrova mbili. Mgeni mkuu alikuwa mtu mfupi wa suti ya Kaunda, mpole, aliyeonekana kuchoka na ngoma kabla hazijapigwa. Kina mama waliimba, watoto wa shule wakaimba, mchumba wangu akiwaongoza kwa fimbo ndogo. Kisha msafara ukashuka bondeni kulitazama shamba. Mwenyekiti alitembea mbele, mikono imetanuka, anaeleza mavuno. Kwa kweli shamba lilipendeza. Upepo ulikuwa unalilaza na kuliinua, kijani kitupu.

Mgeni akasimama, akageuka. "Na mtaalamu? Bibi shamba unasemaje?"

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikusema "Ni mazuri, Ndugu." Sikujipanga kusema lolote. Mtu aliniuliza habari za mahindi, nami nilijibu kama nilivyojibu kila siku. Nilikwenda kwenye mmea wa karibu, nikaukata, nikalipasua bua lake toka juu mpaka chini. Mle ndani mlikuwa na unga wa kahawia kama wa mbao iliyobunguliwa, na funza watatu walionona.

"Shamba zima liko hivi," nilisema. "Tulihitaji dawa tangu mwezi uliopita. Mwenyekiti anajua, nilimwambia."

Na niliposema "mwenyekiti" nilimwonyesha. Nilimwonyesha kama nilivyoonyesha kila kitu.

Alirudi nyuma, kisigino kikanasa kwenye tuta la mstari, akaanguka kitako katikati ya mahindi. Watoto wa shule walicheka kwanza. Kisha wakacheka kina mama, na mmoja wa madereva. Mgeni mkuu hakucheka, lakini aliligeuzia uso bonde, na mabega yake yakatikisika. Alimwinua mwenyekiti kwa mkono wake mwenyewe, akasema jambo la dawa litatazamwa, akala chakula, akaondoka.

Vumbi la Landrova lilikuwa halijatulia mwenyekiti alipomwita mgambo. "Mnyang'anye kisu huyu," alisema. Sauti yake ya nyimbo ilikuwa imepotea. "Amenitolea kisu mbele ya mgeni wa serikali."

Nilidhani anatania. Nilikifuta kisu kwa jani la hindi, nikakifunga, nikampa mgambo huku nacheka kidogo. Mgambo alikipokea kwa mikono miwili.

Kikao kilifanyika shuleni, katika darasa la mchumba wangu. Katibu kata alikuja kukiongoza. Mimi nilikalishwa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigusa ubao wa juu. Wao walikaa mbele, na kisu changu kiko juu ya meza ya mwalimu karibu na chaki. Wanakijiji walijaa madirishani. Mwenyekiti alieleza kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikipinga shamba la ujamaa, kwamba nimewakatisha wananchi tamaa, na kwamba siku ya ugeni nilimtishia maisha kwa silaha.

Katibu kata alitaka kuwaonyesha watu silaha. Alikichukua kisu, akajaribu kukifungua, kikakataa. Akajaribu kwa ukucha mwingine. Watu walianza kuguna. Akampa mgambo, mgambo akakibana kwenye magoti, kikakataa. Mwishowe katibu alinigeukia.

"Kifungue, bibi shamba."

Nilikichukua. Ningeweza kutumia mikono miwili, ningeweza kujifanya nahangaika kama wao. Sikuwaza. Kidole gumba kikaenda mahali pake, kiuno kikasukuma, na kisu kikasimama wazi kwa mlio ule mfupi kabla katibu hajamaliza kurudi kitini.

Darasa zima lilisema "Aah."

"Mmeona," mwenyekiti alisema taratibu. "Mmeona wenyewe."

Mama alikuwa amekaa benchi la nyuma na kanga yake ya kanisani. Alinyoosha mkono, akasimama, akaanza kueleza kwa Kifipa. Alisema vizuri. Alisema mtoto huyu anaongea kwa kisu kama wengine wanavyoongea kwa vidole, kwamba hata chumvi anamwonyesha yeye kwa kisu, kwamba hana ubaya na mtu. Watu wa madirishani walianza kutikisa vichwa kukubali. Katibu kata, mtu wa kutoka mbali, aliinua mkono.

"Kiswahili, mama. Hiki ni kikao cha serikali."

Nilimwona Mama akitafuta maneno, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Alimtazama mchumba wangu. Sote wawili tulimtazama. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa kila mgeni aliyefika pale. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Yeye," Mama alisema kwa Kiswahili, "kila siku nashika kisu. Nyumbani nashika kisu. Mimi naonyesha kisu. Yeye hapana mbaya."

"Nyumbani pia?" katibu kata aliuliza. "Anakuonyesha kisu wewe, mama mzee?"

"Ndiyo," Mama alisema kwa furaha, akidhani ameeleweka. "Kila siku."

Alikaa chini ananitabasamia. Nilimtabasamia pia. Ningefanya nini kingine?

Ndipo wakamwita mwalimu. Alisimama karibu na ubao wake, mikono nyuma.

"Mwalimu, siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kisu kilikuwa wazi au kimefungwa?"

"Kilikuwa wazi."

"Kilielekezwa kwa nani?"

"Kwa mwenyekiti."

"Una la kuongeza?"

Nilimtazama. Mvulana yeyote wa darasa lile angeweza kuongeza. Alihitaji kusema neno moja tu, kwamba ndivyo huyu anavyoongea, nimemwambia hata mimi. Wakati huo walikuwa wanatafuta mwalimu mkuu wa shule ile. Sijui kama aliliwaza hilo, na sijawahi kumwuliza.

"Sina," alisema.

Iliamuliwa kwamba sifai kukaa na wananchi, nirudishwe wilayani nikapangiwe kazi nyingine. Kisu kitabaki kata kama kielelezo. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliondoka madirishani mmoja mmoja, na wengi wao walikuwa watu ambao nilikuwa nimewapasulia mabua yao, na waliyaokoa mashamba yao madogo ya nyuma ya nyumba kwa kufuata nilichowaambia.

Nje, karibu na kengele ya shule, alinifuata.

"Sikusema uongo," aliniambia.

"Hukusema."

"Niliulizwa nikajibu. Ungetaka nidanganye mbele ya katibu kata?"

"Hapana," nilisema. "Rudi darasani, usije ukaonekana hapa."

Akarudi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote yaliyotangulia. Nilimwambia arudi, naye akarudi.

Nilipangiwa ghala la mbegu mjini. Kazi yangu ilikuwa kuwafungulia mlango watu waliokuja kuchukua magunia, na jioni kuufunga. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi kuliko niliyopenda. Habari za uchumba zilimalizwa na mama yake, aliyekuja Malangali na mwanamke mwenzake kueleza kwa upole kwamba kijana bado anajipanga. Mama yangu aliwapikia, akawasindikiza, kisha akakaa nyuma ya nyumba akitwanga ulezi ambao ulikuwa umeshatwangwa.

Dawa haikwenda. Shamba la ujamaa lilianguka lenyewe kabla ya kuvunwa. Mabua yalikuwa matupu ndani, yakalala na upepo wa kwanza wenye nguvu. Nilisikia kwamba katika mkutano mwenyekiti aliilaumu mvua. Nilikwenda kata kuomba kisu changu nikaambiwa suala bado linashughulikiwa. Dereva mmoja wa lori la Matai ndiye aliyeniambia kwamba kielelezo kiko kwa mwenyekiti, anakatia nyama kwenye vilabu vya pombe, na kwamba amejifunza kukifungua ingawa anahitaji mikono miwili. Ncha imeshavunjika. Alitaka kufungulia kopo.

Mama wa kule kijijini alikuja kuniona baada ya mavuno. Alitembea sehemu kubwa ya njia, akiwa na maharage kwenye kitambaa. Nilimpokea, nikamwamkia, nikampa kiti. Hakugusa uji niliomtengea.

"Wamenieleza," alisema kwa Kifipa. "Wamenieleza nilichosema siku ile."

"Mama, hukusema kosa lolote."

"Wanasema mimi ndiye niliyekuponza."

"Hukuniponza wewe."

"Kama ningenyamaza?"

"Ingekuwa vilevile."

Hakuniamini. Na mimi sijui kama nilikuwa naamini nilichokuwa nasema. Nilikuja kusikia kwamba tangu hapo hakusema tena neno la Kiswahili, hata la kuombea maji. Wageni wakifika nyumbani kwake alikuwa akitikisa kichwa tu, wanamwona bubu. Alikufa hivyo.

Watu hupenda kusikia kwamba mtu amezeeka akasamehe. Mwenyekiti nilimsamehe bila tabu; alianguka kitako mbele ya watoto, na mtu aliyeanguka kitako hutafuta mahali pa kushika. Katibu kata simkumbuki hata sura. Lakini mtu aliyejua ukweli na akatoa nusu yake kwa adabu, mikono nyuma, huyo nimeshindwa, na padri wangu anajua kwamba nimeshindwa.

Nilionana naye mara moja baadaye, sokoni Sumbawanga. Nilikuwa nimeshahamia mtaa wa Izia wakati huo, na nilikuwa nachagua viazi. Alikuwa amenenepa kidogo, shati limepigwa pasi, bado msafi. Alikuwa mwalimu mkuu. Alisalimia vizuri, akauliza habari za wazazi wangu, akamshika mkono mwanamke aliyekuwa naye.

"Huyu ni mke wangu," alisema. Kisha akamwambia mkewe, "Huyu ni dada tuliyefanya naye kazi kule Mwazye. Alikuwa bibi shamba."

Mwanamke yule alinitazama, uso wake ukachangamka. Alikuwa mtu mwema, niliona.

"Ooh!" alisema. "Ndiye yule wa kisu? Aliyemwangusha mwenyekiti kwenye mahindi? Jamani, hadithi yako ametusimulia mara ngapi, watoto wanaipenda!"

Mchumba wangu wa zamani alitazama viazi. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Ndiye mimi," nilimwambia mkewe. Nilimaliza kuchagua viazi vyangu, nikalipa, nikawaaga wote wawili, nikaenda nyumbani.